Trekta Lililofunguliwa Lina Bei, Ila Si ya Kilo

Familia za Kieni zinapogawana mali ya mzee aliyefariki, kwa shamba huitwa mpimaji, kwa ng'ombe huitwa mtu anayejua mifugo, lakini kwa trekta bovu lililo nyuma ya ghala huitwa mwenye mizani, yule mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Mimi nauza vipuri vya matrekta hapa Ruring'u, Nyeri, na nasema wazi kwamba desturi hii inatunyang'anya mali yetu mchana. Trekta kuukuu lililofunguliwa na kuachwa nusu lina bei inayopigiwa hesabu. Mwenye daftari, kalamu na fundi mmoja mwaminifu anaweza kuipata kwa asubuhi moja, na anapaswa kuipata kabla ya kumfungulia lango mnunuzi yeyote.

Mengi ya matrekta ninayoulizwa bei yake ni Ferguson na Massey Ferguson. Ferguson ya kijivu, TE20, iliundwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956. Ikafuata 35, kisha katikati ya miaka ya 1960 ikaja 135, ambayo mpaka leo utaikuta barabara ya Mweiga ikivuta trela la nyasi. Yalianza kuletwa huku na walowezi waliolima ngano na kufuga ng'ombe. Wakati wa uhuru, mashamba yale yaliponunuliwa na vyama vya ushirika na makundi ya wananchi, matrekta mengi yalibaki pale pale, yakabadilisha tu mwenyewe. Baba yangu aliliendesha moja la namna hiyo hadi mikono yake ilipochoka na usukani. Siandiki habari za chuma nisichokijua.

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi: umri. Nasikia wauzaji wakisema trekta lao ni la kale, kwa hiyo lazima liwe ghali. Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu kifaa kuwa cha kale kikiwa kilitengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Matrekta yetu yote yalikuja miongo mingi baadaye. Hata kule Uingereza, ambako wapo watu wanaoyakusanya na kuyarembesha, TE20 haijaadimika, kwa sababu zaidi ya nusu milioni zilitoka kiwandani. Mwingereza anayeitaka ataipata kijijini kwake. Kwa nini alipie lori hadi Mombasa na meli juu yake? Bei unayoiona kwenye simu kutoka Uingereza ni ya trekta lililokamilika, linalowaka, liko Uingereza. Usiilete Kieni.

Kosa la pili ni kuuza kwa hesabu ya pesa ulizotumia. Hili ndilo linalokwamisha mauzo mengi. Mwaka jana niliitwa boma moja karibu na Mweiga kutazama Massey Ferguson 35 ambayo mzee alikuwa ameanza kuifufua kabla hajaugua. Kijana mkubwa aliniambia, "Mama, injini hii imekula laki mbili na nusu. Hatuwezi kushuka chini ya laki nne na nusu." Mwenye mizani naye alikuwa ameshapita, akataja 55,000. Kati ya namba hizo mbili palikuwa na pengo kubwa, na katika pengo hilo ndugu walikuwa wameanza kununiana.

Nilimjibu kijana kwamba mnunuzi hanunui pesa zilizokwisha kutoka mfukoni, ananunua trekta pamoja na kazi iliyobaki. Risiti za mzee zilikuwa na thamani yake, lakini ya aina nyingine. Moja ilionyesha krenkishafti imesagwa na kwa kipimo gani, nyingine ilionyesha laina na pistoni mpya. Hizo ni ushahidi. Zinamtoa mnunuzi wasiwasi kuhusu sehemu ambayo hawezi kuiona. Jumla iliyoandikwa chini ya risiti haimhusu.

Kisha tukalikagua trekta lenyewe. Jambo la kwanza kwa 35 ni kuhesabu nozeli. Zikiwa nne, hiyo ni injini ya dizeli ya Standard, ya mwanzo, inayojulikana kwa ukaidi wa kuwaka kwenye baridi, na baridi ya Julai ya mlima huu haina huruma. Zikiwa tatu, hiyo ni Perkins, iliyoanza kufungwa mwishoni mwa 1959. Mnunuzi anayejua atalipa zaidi kwa nozeli tatu, kwa sababu injini ya jamii hiyo iliendelea kutumika kwenye 135, na viwanda vya India na Pakistan viliendelea kuunda matrekta ya ukoo huo huo. Vipuri vyake ninavyo dukani. Kwa Fordson Major au David Brown, ambazo pia zipo huku, mara nyingi nalazimika kumwambia mteja atafute trekta jingine lililokufa alichinje. Basi swali la kwanza la bei ni hili: kitu kikikosekana, kitapatikana wapi?

Ile ya Mweiga ilikuwa na nozeli tatu. Silinda hedi ilikuwa imetolewa na injini imefunikwa gunia. Niliinua gunia, nikapitisha kidole kwenye laina. Mbili zilikuwa safi na mafuta bado yanateleza. Ya tatu ilikuwa na utepe wa kutu upande ambao paa la ghala linavuja. Fundi akatia mafuta mapya, akasubiri, akashika krenkishafti kwa spana na kuisukuma taratibu. Ikazunguka mzunguko mzima bila kukwama. Hapo ndugu walinyamaza, kwa sababu walielewa bila kuambiwa kwamba hicho si chuma cha kupimwa kilo. Boliti zote zilikuwa kwenye mikebe ya Kasuku, kila mkebe umeandikwa kwa mkono wa mzee sehemu iliyotoka. Mzee yule, Mungu amlaze pema, aliwaachia pesa ndani ya mikebe ile. Fundi anayepokea trekta lenye boliti zilizochanganywa kwenye gunia moja hupoteza siku nyingi akizipanga, na siku hizo hulipwa na mwenye trekta.

Hesabu yenyewe tuliiandika hivi. Bei ni za siku ile na za soko letu, na msomaji aweke za kwake. Massey 35 ya Perkins inayofanya kazi shambani, yenye tairi nzuri, tuliiona ikiuzwa kama 650,000. Kilichobaki kufanywa: tairi za nyuma 130,000, za mbele 30,000, pampu ya dizeli na nozeli 50,000, klachi 35,000, hedi, vali na gasketi 40,000, haidroliki 60,000, stata, betri na nyaya 35,000, mafuta na ufundi 60,000. Jumla ni 440,000. Ukiitoa kwenye 650,000 unabaki na 210,000.

Lakini hapo si mwisho. Kwenye matrekta haya pampu ya haidroliki imekaa ndani ya nyumba ya nyuma, imezama kwenye mafuta, na gia boksi na difu nazo zimefungwa. Anayenunua ananunua asichokiona. Mimi huondoa robo ya gharama iliyobaki kwa ajili ya hofu hiyo, na hapa robo ni 110,000. Ikabaki 100,000.

Kuna njia ya pili ya kupima: kuliuza vipande vipande. Injini yenye laina mpya na krenkishafti iliyosagwa, gia boksi, ekseli ya mbele, rimu, boneti. Kwa bei za dukani kwangu vilifika 185,000, na ukitoa ufundi wa kuvifungua na vile vitakavyokaa rafuni bila mteja, 150,000. Kwa hiyo familia ilikuwa na namba mbili za kweli, 100,000 na 150,000. Zote mbili zilikuwa juu sana ya mizani na chini sana ya ndoto ya kijana.

Kisha tukajiuliza swali ambalo wauzaji wengi hulisahau: nani analihitaji zaidi? Mkulima mwenye 35 yake iliyokufa injini, lakini tairi na haidroliki zake ni nzima, hana haja ya kupunguza 130,000 za tairi wala 60,000 za haidroliki. Kwake trekta la Mweiga ni injini iliyokaribia kuwa mpya pamoja na akiba ya vipuri. Mtu huyo alipatikana upande wa Naro Moru, akalipa 160,000 na lori akaleta mwenyewe. Ni karibu mara tatu ya bei ya mizani. Ndugu waligawana bila kwenda kwa chifu.

Nawasihi wauzaji wafanye mambo machache ya bei nafuu kabla ya kutangaza trekta. Hakikisheni injini inazunguka. Pangeni boliti na mziandike. Tafuteni bamba la namba la kiwandani na mlipige picha, kwa maana kwenye TE20 herufi zake huonyesha kama ni ya petroli, ya dizeli, au TED iliyotumia mafuta mepesi ya jamii ya mafuta ya taa. Wekeni paa. Msipake rangi. Rangi mpya juu ya trekta lisilowaka humfanya mnunuzi ajiulize mnaficha nini, na pesa za rangi zingenunua gasketi.

Halafu kuna karatasi. Logibuku nyingi za matrekta haya bado zina jina la marehemu au la chama cha ushirika kilichokwisha kuvunjwa. Bila hati ya urithi kutoka mahakamani, uhamisho kwenye NTSA haupiti, na kuuza mali ya marehemu bila idhini ni kosa chini ya kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi. Najua hati hizo huchukua muda na pesa. Lakini trekta lisilo na karatasi hununuliwa na mtu mmoja tu, yule wa vyuma vikuukuu, na hata yeye si wa kutegemewa. Mwanzoni mwa 2022 serikali iliposimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa, kwa sababu ya uharibifu wa nyaya na milingoti ya umeme, aliyekuwa na mizani peke yake kama mnunuzi hakuwa na mnunuzi kabisa.

Sichukii wenye mizani. Wanafanya kazi halali, na chuma kilichokwisha lazima kiende kuyeyushwa. Ninachokipinga ni kumkuta mama mjane aliyetoka mazishini na kumwambia kuwa injini ya Perkins ni uzito tu, huku ukijua utaichomoa kesho na kuileta kwenye maduka kama langu. Kwa upande wangu nimeamua: kila anayeniletea injini ya namna hiyo namwuliza imetoka boma gani na familia ililipwa kiasi gani. Asipojibu, sinunui. Naomba wenzangu wa vipuri kuanzia Karatina hadi Nanyuki wafanye vivyo hivyo, kwa maana bila sisi biashara hiyo haina faida.

Nina ombi pia kwa wanaotuongoza. Matrekta haya yanabeba historia ambayo haimo kwenye bei niliyoieleza. Mnamo Disemba 1963 wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni wakaja uwanjani hapa hapa Ruring'u. Ardhi waliyoipigania ililimwa na matrekta haya, kwanza kwa faida ya mlowezi, kisha kwa faida ya watoto wetu. Makumbusho ya Nyeri yako hapa Ruring'u, ndani ya jengo la iliyokuwa mahakama ya wenyeji. Nayaomba yatafute trekta moja lenye logibuku ya kwanza, picha na majina ya waliolinunua, yalilipie kwa hesabu ya haki na kuliweka mahali watoto watalipanda. Na maonyesho ya kilimo ya Kabiru-ini, yanayojaza matrekta mapya kila mwaka, yatenge uwanja mdogo wa matrekta ya zamani, hata yaliyo nusu, ili wenye nayo wakutane na wanaoyatafuta bila dalali katikati.

Hilo litachukua muda. Orodha haichukui muda. Kama nyuma ya ghala lenu lipo trekta lililofunguliwa, iteni fundi, andikeni kilichopo, kilichobaki na gharama yake, kila ndugu atie sahihi, na nakala ikae na mama. Mwenye mizani akija, msomeeni orodha hiyo kabla hajashusha mizani yake.