Nani Amtumaye Mtoto Dukani?

Wakulima wenzangu, kabla ya kuendelea kusoma, nataka mjibu swali moja moyoni mwenu. Mara ya mwisho sigara zilipokwisha nyumbani kwako, ni nani aliyekwenda dukani kuleta nyingine? Ikiwa ulikwenda wewe mwenyewe, vema. Lakini katika skimu yetu kila jioni naona watoto wakikimbia njiani na sarafu mkononi, na warudipo huwa na sukari, kiberiti, na sigara mbili zilizofungwa katika kipande cha gazeti. Sisemi haya kama mtu aliyesimama kando. Mimi navuta sigara, na kwa miaka mingi nimemtuma mwanangu.

Swali hili limenijia kwa sababu ya habari za nchi nyingine. Katika mwezi wa Desemba 2022 Bunge la New Zealand lilipitisha sheria ya tumbako ya namna mpya. Hapo zamani sheria za tumbako ziliweka umri tu. Waingereza walikataza mwaka 1908 kuwauzia sigara watoto wasiotimiza miaka 16, na mwaka 2007 wakapandisha umri huo hadi miaka 18. Marekani tangu Desemba 2019 umri ni miaka 21 kwa nchi nzima. Kwetu Kenya Sheria ya Kudhibiti Tumbako ya mwaka 2007 yakataza kumwuzia mtu asiyetimiza miaka 18. Sheria hizo zote ni kama lango la boma: mtoto angoja nje, siku yake ikifika afunguliwa aingie.

Watu wa New Zealand walisema neno lingine. Walisema kwamba mtu ye yote aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2009 au baada yake hatauziwa sigara kamwe. Si akiwa na miaka 18, si 30, wala si siku atakapokuwa mzee mwenye mvi. Aliyezaliwa kabla ya tarehe hiyo angeendelea kununua kama kawaida. Kwa hiyo hili si lango la umri, ni lango la rika.

Nadhani sisi tunaweza kulifahamu jambo hili upesi kuliko watu wengi, maana mambo ya rika twayajua. Wazee wetu hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, lakini kila mtu alijua mahali pake. Pombe ilikuwa ya wazee, na kijana aliyetahiriwa juzi hakuthubutu kukaa karibu na kibuyu. Lakini katika desturi ile kila rika lilingoja zamu yake, na zamu ikafika. Sheria hii mpya yasema kwamba zamu ya rika hili haitafika, wala ya marika yatakayolifuata.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Kule New Zealand sheria ile haikupata kufanya kazi hata siku moja. Ilitakiwa kuanza mwaka 2027, lakini mwishoni mwa 2023 ikaingia serikali nyingine, na katika Februari 2024 ikafutwa. Viongozi wapya walisema wazi kwamba fedha zitokazo katika kodi ya tumbako zingesaidia kupunguza kodi nyingine. Huko Uingereza muswada wa namna hiyo hiyo, wenye tarehe ile ile ya 1 Januari 2009, ulipelekwa Bungeni mwaka 2024. Nao watu wa visiwa vya Maldivi, katika Bahari ya Hindi, hawakungoja sana. Tangu tarehe 1 Novemba 2025 mtu aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2007 au baada yake haruhusiwi kununua wala kutumia tumbako huko, hata akiwa mgeni aliyekuja kutembea.

Wengi watasema kwamba hii si haki. Vijana wawili majirani, mmoja amezaliwa mwisho wa Desemba 2008 na mwenzake siku ya kwanza ya Januari. Watakapofika miaka 40 mmoja atauziwa na mwingine atafukuzwa. Neno hilo lina uzito, nami silipuuzi. Lakini sisi wa skimu tusijifanye hatujui mistari. Baba zetu walipogawiwa mashamba baada ya 1962, mtu aliyepata eka zake na mtu aliyekosa walitenganishwa na jina moja tu katika orodha. Kila sheria ina mahali inapokata. La kuuliza ni kwamba yule aliyekatwa amekosa kitu gani. Aliyekosa shamba alikosa riziki. Aliyekosa sigara amekosa nini? Shirika la Afya Duniani lasema kwamba tumbako huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Mimi nimevuta kwa muda wa miaka 37, na sijapata kukutana na mvutaji wa umri wangu asiyesema kwamba laiti angalijua asingalianza.

Na kuanza ndiko kwenye shida. Huko Marekani, ripoti ya mganga mkuu wa Serikali yao ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba katika kila wavutaji 10 wa kila siku, karibu 9 walionja sigara ya kwanza kabla ya kutimiza miaka 18. Mtu mzima mwenye akili zake haamki asubuhi moja akiwa na miaka 35 akasema, leo nitaanza kuvuta. Aanzaye ni mtoto. Kwa hiyo sheria ya rika ina busara yake: haimnyang'anyi mzee kitu alichokwisha kukizoea na ambacho labda hawezi kukiacha, bali yamzuia mtoto asikizoee. Ni kama mkulima mwenye kahawa iliyozeeka. Haing'oi yote siku moja akabaki bila kitu. Aivuna mpaka ikome, lakini miche mipya hapandi.

Basi mwaniuliza, je, wataka sheria hiyo hapa Kenya? Naam, naitaka. Lakini naona aibu kuitaka, na nitawaambia sababu.

Ile tuliyo nayo hatuishiki. Sheria yetu ya 2007 haikukataza tu kuwauzia watoto. Ilikataza pia kuuza sigara moja moja, yaani ni lazima ziuzwe katika pakiti isiyopungua sigara 10. Nendeni sasa hivi katika duka lo lote la skimu mtazame. Pakiti iko wazi juu ya meza, na njiti moja moja ndiyo biashara yenyewe. Sigara moja ni bei ya mtoto. Mvulana wa miaka 13 hawezi kupata fedha za pakiti nzima, lakini chenji ya sukari yaweza kumpatia njiti moja, na mama hataigundua.

Watu wengine husema kwamba mwenye duka hawezi kujua umri wa kila mtu. Katika mji mkubwa labda. Hapa kwetu neno hilo ni la kuchekesha. Mwenye duka wa skimu hana haja ya kuona kitambulisho. Huyo alikuwapo siku mtoto alipozaliwa, na baba yake alinunua soda hapo hapo. Akiuza, auza akijua. Na akiulizwa husema, «Ametumwa na baba yake.» Nilipomwuliza mwenye duka wetu, ndivyo alivyonijibu, nami sikuwa na la kusema, kwa maana baba mwenyewe alikuwa mimi.

Hapa nataka nikae kidogo. Mimi sikufundishwa kuvuta na vijana wabaya wa sokoni. Baba yangu alikuwa mtu mwema, mfugaji hodari, tena hakuruhusu mchezo. Jioni alipokuwa amekaa nje na wageni alinipa sigara na kuniambia, «Nenda jikoni ukaniwashie.» Sigara haiwaki kwa kushikwa tu juu ya kaa la moto. Ni lazima uivute mara moja au mbili, la sivyo itazima kabla hujafika mlangoni. Nilikuwa na miaka 9. Nilikohoa, wageni wakacheka. Kufika miaka 12 sikukohoa tena, na njia ya kutoka jikoni mpaka kwa baba nilianza kuiendea polepole. Hakuna sheria iliyovunjwa dukani siku ile. Lango lilikuwa wazi nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo nasema, hata Bunge letu likiweka mwaka wa kuzaliwa kama walivyofanya Maldivi, mtoto atakayetumwa na baba aliyezaliwa 1975 atapata sigara kama kawaida. Tena kuna vitu vipya ambavyo wazee wengi hawavijui, yaani vifuko vidogo vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo. Havitoi moshi. Ukimkuta mwanao na kikopo kidogo cha mviringo chenye harufu ya mnanaa, usidhani ni peremende.

Sasa nageuka kwa wale miongoni mwenu walimao tumbako. Najua wako, hasa huko Kuria na sehemu nyingine za Migori, na Busia, na Bungoma, na Meru, na huenda wameanza kunikasirikia. Wataniuliza, karo za watoto zitatoka wapi? Ni swali la haki, wala halijibiwi kwa mahubiri ya mapafu.

Kazi ya tumbako mwaijua ninyi kuliko mimi: kitalu, kuhamisha miche, kuvunja machipukizi, kuchuma majani, kutafuta kuni na kukesha penye tanuri. Mwajua pia kwamba mtu akichuma majani yenye umande au mvua, sumu ya tumbako huingia katika ngozi, akapata kizunguzungu na kutapika, na mara nyingi mchumaji huyo ni mtoto ambaye hajavuta sigara hata moja. Mbegu na mbolea huja kwa mkopo, mkopo hukatwa siku ya kuuza, na daraja la majani halichaguliwi na mkulima. Lakini mnunuzi yupo na anajulikana, na hilo ndilo limewafunga. Hapo ndipo nionapo kwamba sheria ya rika yafaa kupendwa na mkulima wa tumbako kuliko na mtu mwingine ye yote. Maana yamletea mwisho wa polepole.

Kumbukeni pareto. Kwa miaka mingi Kenya ilikuwa ya kwanza duniani, na huko Kinangop skimu nzima ziliishi kwa maua yale. Kisha malipo yakachelewa, yakachelewa tena, watu wakang'oa. Hakuna aliyewaambia mapema, «Soko litapungua kidogo kidogo kwa miaka 40, jitayarisheni.» Sheria ya rika yasema hivyo hasa. Wavutaji waliopo watabaki mpaka wazeeke, na soko lao litapungua kadiri wanavyopungua. Mkulima wa miaka 50 ana nafasi ya kumaliza mkopo, kujenga banda la ng'ombe na kumfundisha mwanawe zao lingine. Na mazao mengine yako. Katika mwaka 2022 mashirika matatu ya Umoja wa Mataifa, yaani lile la Afya, lile la Chakula na Kilimo, na lile la Mpango wa Chakula, pamoja na Serikali yetu, yalianza huko Migori kuwasaidia wakulima kuacha tumbako na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma, huku wakitafutiwa soko. Maharagwe hukomaa kwa miezi mitatu tu, na yasiponunuliwa huliwa. Jaribuni kupika tumbako.

Kuhusu ushuru ambao Serikali hupata katika kila sigara, sitasema mengi. Kila mtu afanye hesabu yake. Sigara 5 kwa siku ni sigara 1,825 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya duka lako, kisha uende ghalani uangalie mifuko ya mbolea uliyoshindwa kununua msimu uliopita.

Nimeomba katika mkutano wa chama chetu cha ushirika jambo hili liandikwe kwa ajili ya mkutano ujao: wenye maduka watatu wa skimu waombwe kuacha kufungua pakiti, nasi wazazi tukubali kutomlaumu mwenye duka atakayemrudisha mtoto mikono mitupu. Wajumbe wawili walicheka. Mmoja aliuliza kama nimeokoka. Sijaokoka kwa habari ya sigara, na bado nina kikohozi cha asubuhi ambacho mke wangu hukitumia kama saa.

Mwanangu wa mwisho alizaliwa mwaka 2011. Tangu mwezi wa Mei sijamtuma tena. Nikitaka sigara naenda mwenyewe, na duka liko mbali kwa mashamba matatu, njia ya matope. Usiku wa mvua nakaa bila.