SAINI YA SERIKALI NI DENI

Vijana wenzangu, kila madaktari wakigoma tunaimbiwa wimbo ule ule: "Hawana utu, wanaacha wagonjwa wafe." Haya, lakini ni nani huwafikisha hapo?

Tukumbushane. Mwaka 2013 serikali ilitia saini mkataba wa CBA na chama cha madaktari. Haikuutekeleza. Desemba 2016 wakagoma, mgomo ukafika siku 100. Februari 2017 viongozi saba wa chama wakatupwa jela. Aliyevunja ahadi akalala kwake, aliyeidai akalala seli!

Mkataba mpya ukaja 2017. Humo daktari mwanagenzi analipwa shilingi 206,400 kwa mwezi. Kufika 2024 serikali ikageuka: pesa hakuna, chukueni 70,000. Madaktari wakagoma siku 56. Desemba mwaka huo serikali ikakubali ile ile 206,400. Sasa mgonjwa aliyerudishwa nyumbani siku hizo 56, aliteseka kwa faida ya nani?

Watakwambia ni SRC. Kweli, Ibara ya 230 ya Katiba inaipa tume hiyo kazi ya kushauri kuhusu mishahara ya wafanyakazi wa umma. Na pesa ni zetu walipa kodi, lazima zichungwe. Lakini ushauri huombwa kabla ya kutia saini. Huwezi kununua ng'ombe, ukamkamua miaka saba, kisha urudi kwa aliyekuuzia ulalamike bei ilikuwa juu.

Na hiyo "hakuna pesa" ina wenyewe. Mwaka huo huo wa 2024, nyongeza ya kuwafikisha wabunge 739,600 kwa mwezi ilikuwa imeshachapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Ilisimamishwa Julai, baada ya vijana kujaa barabarani.

Ibara ya 41 inampa mfanyakazi haki ya kugoma, na chama chake haki ya kujadiliana na mwajiri. Majadiliano ya kweli ni haya: mwajiri, Hazina ya Kitaifa na SRC wamalize hesabu zao mapema, ndipo kalamu iguse karatasi. Ikishagusa, pesa ziingie kwenye bajeti.

Hapo ndipo pana kazi yetu. Hospitali nyingi ziko chini ya kaunti, na kaunti lazima isikilize maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Twendeni kwenye vikao hivyo, tuinue mkono, tuulize swali moja tu: pesa za CBA ziko ukurasa gani?

Wakikosa ukurasa, mgomo ujao mnajua ni wa nani.