Sumu Isiyokufa kwa Moto

Hapa Musonoi nasikia neno hili mara nyingi: "Munganga, samaki wa mto tunawachemsha sana, kisha tunaomba. Hakuna ubaya." Neno hilo ni kweli nusu tu. Moto unaua vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara. Lakini sumu ya madini si kijidudu. Haina uhai, moto utaiua namna gani?

Tazama kome, mnyama mdogo mwenye ganda. Anakaa matopeni, anavuta maji na kuchuja chakula chake. Maji yakiwa na kobalti, mwili wake unakuwa ghala ya kobalti. Baharini kuna sumu nyingine, ya mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mtu akila kome aliyeichuja, midomo inakufa ganzi, hata pumzi inaweza kukoma. Kupika hakuiondoi. Kasa naye huweza kubeba sumu ya namna hiyo: kule Pemba, Machi 2024, watoto 8 na mtu mzima 1 walikufa baada ya kula nyama yake.

Kwetu ubaya unakuja polepole. Mwaka 2009 wachunguzi wa Lubumbashi na Leuven walitangaza kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya madini wana kobalti nyingi mkojoni kupita watu wa mbali. Inaingia kwa chakula, kwa maji na kwa vumbi. Na Februari 2025, kule Chambishi katika Zambia, ukuta wa bwawa la taka za mgodi ulibomoka. Asidi ikafika mto Kafue, samaki wakafa. Mwenye njaa akiona samaki wanaelea husema, Mungu ametupa. Sivyo. Mto unatuonya.

Wengine wananionyesha Marko 16:18. Lakini Shetani naye alitumia Maandiko ili Bwana ajitupe toka juu ya hekalu, na Bwana alikataa (Mathayo 4:5-7). Kuomba mezani ni shukrani, si kumjaribu Mungu.

Simhukumu mama mwenye watoto na mfuko mtupu. Hatia ya kwanza ni ya wanaomwaga uchafu mtoni, na wazee wa kanisa wasinyamaze mbele yao. Lakini anayejua, kisha anauza sokoni, amemkosea mtoto wa jirani.

Basi tushike haya. Tusiokote samaki waliokufa. Tusivue wala kuteka maji chini ya mifereji ya migodi. Matumbo na maini ya samaki tuyatupe. Sombe tuioshe vumbi kwa maji safi. Bukari yetu tuile na maharagwe, karanga au mayai tukipata. Mtu akiugua baada ya kula, asinyweshwe mafuta. Aletwe hospitali upesi, pamoja na mabaki ya chakula.

Mwili ni hekalu la Roho. Tulinde mlango wake, ndio kinywa.