Bhalo Alitubu, Kanda Zake Je?

Sanduku lenyewe ni la mbao, dogo, na ndani yake mna kanda 63. Lilikuwa mali ya marehemu kaka yangu. Kanda arubaini na kitu ni za Profesa Mohamed Khamis Juma Bhalo, na zilizobaki ni za Zein l'Abdin, Matano Juma, Maulidi Juma na Malika. Tulipokwisha hitima na kukaa kitako kuzungumza mirathi, hapana aliyelitaja. Lilipotajwa, mtoto wa kaka, kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni, alisema lichomwe moto.

"Ami," aliniambia, "mwenyewe ametubu. Sisi twamwekea dhambi zake uvunguni kwa nini?"

Wasomaji mtaniwia radhi kwa kuanza na mambo ya nyumbani kwangu. Lakini najua kuwa sanduku kama hilo limo katika nyumba nyingi, kutoka Mambrui na Malindi hadi Takaungu, na swali la kijana huyu si la utovu wa adabu. Ni swali la haki, na wazee tumelikwepa tangu mwaka 2007.

Kwa walio wadogo nieleze kidogo. Bhalo alizaliwa hapa Malindi mwaka 1942, akapata jina lake Mombasa, na kwa miaka mingi ilikuwa vigumu kutaja arusi kubwa ya mwambao huu bila ya kumtaja yeye. Uimbaji wake ni ule tuuitao tarabu ya Kihindi: mahadhi yatoka katika filamu za Bombay, maneno ni mashairi ya Kiswahili, na vyombo ni kinanda, tabla na tashkota. Baadhi ya mashairi aliyapata kwa malenga wa ukoo wake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule wa diwani ya Malenga wa Mvita iliyotoka mwaka 1971. Wasiompenda walisema ni wizi wa nyimbo za watu. Sijapata kuuelewa wizi huo. Kihindi chatoka, Kimvita chaingia, na vina vya kati na vya mwisho vyote vyabaki mahali pake. Hebu na ajaribu mwingine.

Mwaka huo wa 2007, akiwa na umri wa miaka 65, alitangaza kuwa ameacha kuimba kwa ajili ya dini. Alifariki Mombasa mwezi wa Aprili 2014, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mimi nilimjulia garini. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, mabasi ya Malindi na Mombasa yalikuwa yakingoja feri pale Mnarani, na dereva akiwa muungwana huiacha kanda ikienda. Foleni ikiwa ndefu mlimaliza upande wa kwanza mkageuza wa pili. Siku moja nilimwona mtu mzima, mwuza nazi, akishuka garini na kujitenga peke yake ukingoni mwa maji kwa sababu ya ubeti mmoja tu. Tulipovuka hakusema neno, wala hapana aliyemuuliza.

Mapenzi aliyoyaimba Bhalo, aghalabu, si yale ya kukutana na kufurahi. Ni mapenzi yaliyokwisha kuharibika. Mtu aliahidiwa hakutimiziwa, ama aliamini akasalitiwa, ama yeye mwenyewe ndiye mkosa na sasa amekuja kukiri. Na kwa kuwa lugha yetu haibagui mume na mke inaposema "wewe" au "yeye", kila msikilizaji alijitilia jina lake mwenyewe. Hata mwuza nazi.

Kuna jambo ambalo kijana wetu hakulijua, na sikumlaumu kwa hilo, maana hata wenye umri wangu wamelisahau. Nyimbo nyingi za tarabu hapa pwani ziliagizwa. Mtu mwenye dukuduku lake, mume aliyeachwa au mama aliyesengenywa na jirani, humwendea mtunzi kwa siri akamweleza yaliyomsibu. Mtunzi huyafunga kwa mafumbo, na mwimbaji huyatoa hadharani usiku wa arusi. Anayeambiwa hujijua. Wengine hubaki kuulizana hadi alfajiri, na mwenye kuguswa zaidi huinuka akaenda kutuza. Kisha kanda ya usiku ule ikanakiliwa, ikauzwa madukani kama lile la Mbwana Radio Service la Mombasa, ikafika Lamu, na ikapanda ndege na jamaa zetu walioko Maskati na Dubai.

Basi hapo ndipo ninapotofautiana na kijana. Toba ya Bhalo ni ya Bhalo. Aliacha kuimba, aliacha kukesha, aliacha sifa za majukwaani, na hayo yalikuwa yake ya kuacha. Lakini uchungu wa mume yule aliyeachwa haukuwa wa Bhalo hata autubie. Yeye aliubeba tu, kama mtu abebavyo barua ya mwenziwe. Aliyeacha kazi ya tarishi hazichomi barua alizokwisha kuzipeleka.

Kijana hakunyamaza. Alinieleza habari ya vyombo, na alinieleza vizuri. Nilimjibu kwa Imamu Ghazali, ambaye katika Ihya ametenga kitabu kizima juu ya kusikiliza, na akasema kuwa wimbo hukitikisa kile kilichomo moyoni mwa msikilizaji, chema kwa wema na kiovu kwa uovu. Nikamkumbusha pia kuwa matari ya maulidi ya Habib Saleh pale Lamu, ambayo leo twasafiri kwenda kuyaona, yalipoanza yalipingwa na watu wazima wenye elimu. "Ni kweli, ami," akasema, "lakini Ghazali huyo huyo amezikataza nyuzi na zumari za watu wa ulevini. Na tari si kinanda." Hapo alinishika. Sitajifanya kuwa sikushikwa. Mimi si mwanachuoni, na anayetaka fatwa asiitafute katika ukurasa huu.

Ninalolisema ni jingine. Katika siku zile za 2007 palikuwa na waliomcheka Bhalo. Wakasema kachoka, sauti imekwisha, sasa ajifanya shekhe. Maneno hayo yaliniudhi kuliko maneno ya kijana huyu anayetaka kuchoma kanda, kwani kijana angalau anaiamini toba. Sisi tulimtaka mtu atuimbie habari za waliojuta na kubadilika, tukamtuza kwa ajili hiyo miaka arubaini, na siku aliyobadilika yeye mwenyewe tukaona ni kioja.

Wala si yeye peke yake. Yusuf Islam wa Uingereza, aliyejulikana zamani kwa jina la Cat Stevens, alisilimu mwaka 1977 na baadaye akaacha muziki kabisa; mwaka 2006 akatoa santuri mpya, An Other Cup, baada ya mwanawe, kama alivyosimulia mwenyewe, kuleta gita nyumbani. Mzee Yussuf wa Jahazi naye alitangaza mwaka 2016 kuwa ameacha tarabu kwa ajili ya dini, na baada ya miaka kadhaa akarudi jukwaani. Alipoacha alisemwa, aliporudi akasemwa zaidi. Mwimbaji kwetu hana ruhusa ya kuacha wala ya kurudi. Tumemfanya kama mwiko wa jikoni, hatuulizi kama unachoka.

Marehemu kaka, kwa upande wake, hakusema kitu. Bhalo alipotangaza kuacha, yeye naye aliliondoa sanduku sebuleni akalitia uvunguni. Tangu siku hiyo sikumsikia akifungua kanda. Alikuwa haikosi safu ya mbele msikitini, na wanawe wamemjua hivyo: mtu mkali, mtulivu, asiyecheka hovyo. Lakini kila mwaka baada ya masika alilitoa lile sanduku kibarazani, akazifuta kanda ukungu kwa kitambaa kikavu, akazirudisha. Ninamshuhudia kwa hilo. Alikuwa na miaka mingi ya kuzichoma, na viberiti vilikuwamo ndani ya nyumba.

Kwa hivyo rai yangu, kwa wenye masanduku kama haya, ni kuwa msiyachome wala msiyatoe sebuleni kwa kishindo. Asiyetaka kusikiliza asisikilize, na asilaumiwe. Mwenye kusikiliza asimpigie jirani wakati wa adhana, wala sauti ya mtu aliyetubu isitumiwe kunogesha mikutano ya siasa, jambo ambalo ni aibu. Kanda zinakiliwe upesi, kwa sababu chumvi ya bahari haingoji fatwa. Na zaidi ya yote, aliye hai na anayejua aandike juu ya karatasi: arusi hii ilikuwa ya nani, mji gani, na kama si siri tena, shairi hili liliagizwa na nani. Wanaojua hayo hupungua kila mwaka.

Kijana hakukubali. Alikubali kitu kimoja tu, kwamba kabla ya uamuzi tusikilize japo kanda moja tujue ni nini tunachokichoma. Tuliazima mashine ya kanda mtaani, akaisafisha kichwa mwenyewe kwa pamba. Nilichagua moja isiyo na jina. Ilikuwa ya arusi, watu wengi, tabla karibu mno na kipaza sauti. Katikati ya ubeti wa tatu, Bhalo alipoifikia kina, mwanamume mmoja alipiga ukelele na kucheka kicheko kirefu cha mtu aliyeambiwa yake.

"Huyo ni nani?" akaniuliza.

Nikamwambia ni babake.

Akairudisha kanda nyuma kidogo, akakaa chini karibu na mashine.