Kadi ya mkopo yenye maili za ndege: piga hesabu kabla hujasaini

Wadau, hizi kadi za mkopo zinazotoa maili za ndege zimeanza kunadiwa mpaka kwetu wauza mtandaoni. Zamani zilikuwa za watu wa maofisini wenye slipu ya mshahara. Sasa hivi afisa mauzo wa benki anaona akaunti yako inapitisha hela, anakufuata mpaka dukani na kukwambia, "Bosi, hela unayolipia matangazo na kuagizia mzigo ingekuwa inakupeleka China bure."

Maoni yangu nayaweka hapa juu kabisa msije mkanisubiri. Kwa wengi wetu, wenye mtaji wa milioni mbili mpaka kumi, hiyo kadi haijilipi. Sisemi ni wizi. Nasema haijilipi, na kuonyesha hilo inatosha kalkuleta ya simu.

Kwanza tujue maili zinatoka wapi, maana benki haina shamba la maili. Ukilipa kwa kadi, muuzaji anakatwa asilimia fulani, na sehemu ya makato hayo inarudi kwa benki iliyokupa kadi. Marekani makato hayo kwenye kadi za mkopo ni makubwa, mara nyingi yanafika kama 2%, ndiyo maana benki za kule zina uwezo wa kumrudishia mteja maili nyingi. Umoja wa Ulaya waliweka kikomo mwaka 2015, benki ya mwenye kadi ya mkopo isichukue zaidi ya 0.3%, na ndiyo maana kule ofa za maili ni nyembamba. Mfuko wa pili ni ada ya mwaka. Wa tatu ni riba ya wale wanaoshindwa kulipa deni lote. Kwa hiyo ukiona unapewa maili, jua kuna mtu anazilipia, na inabidi uhakikishe huyo mtu siyo wewe.

Nimeanza na Marekani kwa sababu ushauri mwingi tunaoangalia YouTube unatoka kule, halafu tunauleta Kariakoo kama ulivyo. Chukua kadi moja maarufu wanayoisifia sana, Capital One Venture. Ada yake ni dola 95 kwa mwaka. Kila dola 1 unayotumia inakupa maili 2, na ukizitumia kufidia gharama za safari, maili 1 ina thamani ya senti 1 ya dola. Haina makato ya kununua nje ya nchi. Yaani unarudishiwa kama 2% ya kila unachonunua. Tamu.

Lakini benki hiyohiyo ina kadi nyingine, Quicksilver, haina ada ya mwaka, inarudisha 1.5% pesa taslimu, na nayo haina makato ya nje ya nchi. Tofauti ya hizo mbili ni 0.5%. Ili hiyo nusu asilimia ilipe dola 95 za ada, lazima utumie dola 19,000 kwa mwaka. Chini ya hapo, ile kadi isiyo na mbwembwe inakulipa zaidi. Hiyo ni kule kwao, ambako kila kitu kinalipiwa kwa kadi kuanzia mafuta ya gari mpaka vitunguu.

Mbona wale jamaa wa video wanashangilia basi? Kwa sababu ya bonasi ya kukaribishwa. Venture imezoea kutoa maili 75,000 ukitumia dola 4,000 ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Hizo ni kama dola 750, hela ya maana kweli, ila inakuja mara moja. Halafu wengi wao wanalipwa kamisheni kila mtu anapojiunga kupitia linki yao. Siwalaumu, na sisi tunauza. Ila ukiwa unamsikiliza muuzaji, msikilize kama muuzaji.

Sasa turudi kwetu. Ofa niliyoletewa mimi ilikuwa hivi, benki sitaitaja. Ada ya mwaka shilingi 150,000. Maili 1 kwa kila dola 2. Makato ya kulipia vitu vya nje 3.5%. Riba 3% kwa mwezi. Siku 45 bila riba. Kutoa pesa taslimu ATM makato 4%, na riba inaanza siku hiyohiyo. Halafu kuna ule ukumbi wa kupumzikia uwanja wa ndege, ambao yule afisa aliuongelea kwa muda mrefu kuliko riba.

Swali la kwanza nililojiuliza: hela yangu ipi hasa inaweza kupita kwenye kadi? Hapa ndipo wengi tunadanganyika, tunachukua mauzo yote ya mwezi tunayageuza maili kichwani. Boda analipwa kwa simu. Wakala anayewalipa mabosi wa Guangzhou kwa niaba yetu anataka pesa taslimu au umrushie. Mzigo unaulipia ofisi ya kusafirisha ukifika. Fremu, kodi, vifungashio, hakuna hata kimoja kinachopita kwenye kadi. Kwangu vinavyobaki ni matangazo ya Facebook na Instagram, programu ya kuhariri picha, na oda ndogondogo za Alibaba. Jumla yake kama dola 600 kwa mwezi, sawa na dola 7,200 kwa mwaka.

Maili 1 kwa dola 2 maana yake napata maili 3,600 kwa mwaka. Tuwe wakarimu tuseme kila maili ni senti 1. Hizo ni dola 36. Tuchukulie dola ni shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi, inakuja 90,000. Ada ya mwaka ni 150,000. Hata kabla ya makato mengine nimeshaingia shimo la 60,000.

Hapo watu wengi wanasimama wakisema, basi nitatumia zaidi ili ijilipe. Subiri. Angalia yale makato ya 3.5%. Kadi yangu ya kawaida, ile ya kutumia hela yangu mwenyewe iliyopo kwenye akaunti, nayo inakata kwenye malipo ya nje, inakata 2.5%. Kwa hiyo siyo haki kuitwisha kadi ya maili 3.5% yote, kinachohesabika ni ile 1% iliyozidi. Kwenye dola 7,200 hiyo ni dola 72, yaani shilingi 180,000. Weka na ada, gharama ni 330,000. Toa maili za 90,000. Napoteza 240,000 kwa mwaka ili nipate raha ya kusema nakusanya maili.

Na hapa ndipo kuna kitu ambacho karatasi ya ofa haikwambii. Kila dola ninayotumia inanipa maili ya nusu senti, na inanikata senti 1 zaidi ya kadi yangu ya zamani. Kwa hiyo nikitumia zaidi napoteza zaidi. Dola 600 kwa mwezi, dola 2,000, dola 10,000, haijalishi, hakuna kiwango itakachojilipa. Ada ya mwaka unaweza kuifidia kwa kutumia sana. Makato yanayozidi maili huwezi. Kama makato ya dola yangekuwa sawa na ya kadi ya kawaida, ningehitaji kutumia dola 12,000 kwa mwaka, yaani 1,000 kila mwezi, ili tu nirudishe ile ada, na faida ianzie hapo.

Kwa hiyo ukiletewa ofa, usianze na maili. Anza na makato ya fedha za kigeni. Na uliza kiwango chao cha kubadilishia dola pia, maana kuna benki zinakwambia makato ni madogo halafu zinakubadilishia dola kwa bei ya juu. Njia rahisi ni kumwomba mtu mwenye kadi hiyo alipie kitu cha dola 10, halafu muangalie shilingi ngapi zimetoka, mlinganishe na kadi yako siku hiyohiyo.

Twende kwenye mkopo wenyewe. Najua kuna mdau atasema, mimi maili sizitaki, nataka zile siku 45 za kuzungusha hela ya benki bure. Hoja nzuri, na kwa biashara zingine inafanya kazi. Ila siku 45 zinahesabiwa kuanzia mwanzo wa mzunguko wa bili. Mzunguko ni siku 30, kisha siku 15 za kulipa. Ukinunua siku ya 28 ya mzunguko, una siku kama 17 tu. Na mzigo wa meli kutoka Guangzhou mpaka uushike mkononi Dar ni mwezi mmoja na nusu, miwili ukichelewa. Bili inafika kabla kontena halijafika! Utalipa na nini, na hujauza hata pisi moja?

Hapo ndipo unapoambiwa usiwe na wasiwasi, lipa kiwango cha chini, 5% tu. Deni la 1,000,000 unalipa 50,000, ambapo 30,000 ni riba na 20,000 ndiyo inapunguza deni. Linganisha: hiyo milioni ni dola 400, ilikupa maili 200, thamani yake shilingi 5,000. Umepewa 5,000 mara moja, unatoa 30,000 kila mwezi. Hata Marekani wenye maili nono, riba ya wastani ya kadi za mkopo imekuwa juu ya 20% kwa mwaka, na hakuna maili inayofika huko. Kadi nyingi zina sharti pia kwamba usipolipa deni lote, riba inahesabiwa kuanzia siku uliyonunua, zile siku za bure zinafutika.

Sisi faida zetu ni ndogo. Anayeuza tisheti 15,000 anabaki na 3,000, akibahatika 4,000 baada ya boda na tangazo. Riba ya miezi miwili juu ya mzigo inakula sehemu kubwa ya hiyo faida, na huioni ikiliwa kwa sababu duka linaonekana linatembea, wateja wanauliza bei, unajiona upo vizuri.

Mtu wa mzigo wa ndege unaofika wiki moja au mbili, au anayeweka tangazo leo na oda zinaingia kesho, yeye siku 45 zinamtosha. Lakini hata huyo hahitaji kadi ya maili. Anahitaji kadi ya mkopo ya kawaida yenye ada ndogo, kama ataipata, na nidhamu ya kulipa yote.

Kuhusu ile safari ya bure ya China, nimepiga hesabu kwa kujifurahisha. Tiketi ya kwenda na kurudi kwa maili huwa ni makumi ya maelfu ya maili. Tuseme 40,000 tu. Kwa maili 3,600 kwa mwaka nitaenda Guangzhou baada ya miaka 11. Na programu nyingi za ndege zinafuta maili zisipotumika ndani ya muda waliouweka. Tena tiketi ya maili bado unalipia kodi na tozo za uwanja, na siku zenye nafasi za maili siyo lazima ziwe siku za maonyesho ya Canton, ambako ndiko sisi tunataka kwenda. Anayekwenda kufuata mzigo anajali kilo za begi kuliko ukumbi wa kunywea kahawa.

Kuna jambo moja ambalo afisa aliniambia likanigusa, kwamba kadi inakulinda ukitapeliwa na muuzaji wa nje, unaweza kudai urudishiwe. Ni kweli, na ni sababu nzuri ya kulipa kwa kadi badala ya kumrushia hela mtu usiyemjua. Ila utaratibu wa kupinga malipo upo pia kwenye kadi za kawaida za Visa na Mastercard. Huo ulinzi tayari unao, usiununue mara ya pili kwa 150,000.

Nani basi aichukue? Ninamfahamu dada mmoja anayeuza vipodozi, anasafiri Dubai mara nne tano kwa mwaka, tiketi na hoteli analipa kwa kadi, na bili anaimaliza yote kila mwezi bila kusukumwa. Yeye kadi yake inatoa maili mara mbili kwenye tiketi na hoteli, na makato ya dola aliyajadili na benki mpaka yakashuka, kwa sababu akaunti yake ni nene. Kwake inalipa, na huo ukumbi anaukalia kweli. Kitu cha kujifunza kwake ni kwamba makato yanajadilika. Wengi wetu hatuulizi.

Mimi nilimwomba yule afisa anipe kwa maandishi vitu vinne: makato ya malipo ya nje pamoja na kiwango cha kubadilishia, riba inaanza kuhesabiwa siku gani, maili zinakufa lini, na malipo gani hayapati maili kabisa. Hili la mwisho ni muhimu, maana masharti mengine yanatoa nje kununua salio, kuhamisha hela kwenda kwenye simu na malipo ya serikali. Vitatu alijibu. Cha kwanza alisema atauliza makao makuu. Nikamwambia fomu naiacha mezani mpaka jibu lije, na matangazo ya mwezi huu nimelipia kwa kadi yangu ileile ya 2.5%.