Sahihi Isiyo na Isnadi

Lugha yetu ina neno moja lenye maana mbili ambazo lugha nyingi huzitenga. Neno lenyewe ni sahihi. Mtu akiandika jina lake kwa mkono wake chini ya waraka, husemwa ametia sahihi. Na jambo likiwa la kweli lisilo na kasoro, husemwa ni sahihi. Tumelipokea neno hili kutoka Kiarabu, na wanachuoni wa hadithi wamelitumia tangu jadi kwa habari ambayo wapokezi wake wamechunguzwa, mmoja baada ya mwingine, mnyororo wao ukaonekana haujakatika. Mnyororo huo ndio isnadi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba sahihi ya mtu mashuhuri, hata ikiwa nzuri namna gani, haina thamani ikikosa isnadi, na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kulishika jambo hili kabla masanduku ya wazee wetu hayajamalizika.

Huenda msomaji akauliza: biashara ya sahihi za watu maarufu na taaluma ya Kiswahili, wapi na wapi? Biashara hiyo tumezoea kuisikia ughaibuni, ambako fulana ya mchezaji, picha ya mwigizaji au barua ya rais huuzwa mnadani kwa bei ya nyumba. Lakini sisi wenyewe, mwandishi akija chuoni kutoa mhadhara, hupanga foleni na vitabu vyetu mkononi ili atutilie sahihi. Aidha, Pwani ya kusini, kuanzia Diani hadi Vanga, ina wageni wengi wanaotafuta vitu vya kale, na ina wazee wengi wenye karatasi za kale. Pande hizo mbili zikikutana, anayesimama katikati ni dalali. Mimi nimemwona kwa macho yangu.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, nilikwenda Msambweni wakati wa likizo kumjulia hali bibi yangu mzaa mama. Nilimkuta barazani na kijana mmoja mtanashati kutoka Diani, aliyezoea kuwauzia watalii vinyago na vyombo vya shaba. Baina yao palikuwa na karatasi kuukuu iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa hati za Kiarabu, wino wake umegeuka rangi ya kahawia. Karatasi hiyo ilikuwa imekaa ndani ya sanduku la bibi tangu alipoachiwa na babake, na katika ukoo wetu ilijulikana kuwa ni "waraka wa Mbaruk". Dalali alikuwa na mgeni hotelini, mkusanyaji wa maandishi ya watu mashuhuri, ambaye alikuwa tayari kutoa fedha nyingi kwa kitu chochote chenye mkono wa Mbaruk bin Rashid.

Jina hilo si geni kwa mtu wa Kwale. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyekuwa na makao yake Gazi, alipambana mara kwa mara na utawala wa Sultani wa Unguja, kisha mnamo 1895 na 1896 akapigana na Waingereza. Aliposhindwa alivuka mpaka na kuingia upande wa Wajerumani, akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Barua yenye sahihi yake ingekuwa hazina kubwa.

Dalali alipojua kwamba nasomea Kiswahili chuo kikuu, uso wake ulikunjuka. "Ndugu yangu," aliniambia, "wewe ni msomi. Tuandikie karatasi ndogo tu, useme umeusoma waraka huu na umethibitisha kuwa ni mkono wa Mbaruk. Elfu tano zako hizi hapa."

Sitamficha msomaji. Nilikuwa nadaiwa karo, na mkono wangu ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni kutafuta kalamu. Bibi ndiye aliyenizuia kwa swali moja: "Mjukuu wangu, kwani umeusoma?"

Sikuwa nimeusoma. Wala sikuwa na uwezo wa kuusoma. Nilikuwa nimepita mitihani ya historia ya fasihi ya Kiswahili, nikajibu maswali juu ya tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, ilhali hati zenyewe nilizifahamu kwa kuhesabu herufi moja moja tu.

Tulimwita mwalimu wa madrasa wa mtaa wa pili. Aliusoma waraka taratibu, huku akirudi nyuma kila alipokwama. Ulikuwa hati ya rahani ya minazi. Mtu mmoja aliweka rahani minazi yake kwa mwingine hadi atakapolipa deni, na mipaka ikatajwa: mbuyu, njia ya kwendea kisimani, na shamba la jirani. Chini palikuwa na majina ya mashahidi, na mmoja wao aliitwa Mbaruk. Tarehe ilikuwa Muharram 1318, yaani Mei 1900. Wakati huo Mbaruk wa Gazi alikuwa na miaka minne uhamishoni, hivyo hakuweza kuketi Msambweni akishuhudia rahani ya minazi. Huyu alikuwa Mbaruk mwingine. Ukoo wetu haukusema uwongo. Jina lilibaki na mwenye jina akabadilika, kama inavyotokea habari inapopita vinywa vitatu.

Dalali aliaga akaenda zake. Bibi kwa upande wake aliomba asomewe tena mahali palipotajwa mbuyu na njia ya kisimani, kwa maana mpaka wa shamba hilo ulikuwa umeleta maneno baina ya jamaa kwa miaka mingi. Msomaji aliyezaliwa Kwale anajua uzito wa jambo hilo. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wapeleke madai yao ya ardhi yaandikishwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Jeraha hilo halijapona. Karatasi ambayo ningeithibitisha kwa elfu tano kuwa ni sahihi ya shujaa ingesafiri kwenda kupamba ukuta wa mtu asiyejua kisima chetu kiko wapi, na ushahidi uliokuwa ndani yake ungepotea nayo.

Sasa tuitazame kazi yenyewe ya kuthibitisha. Wataalamu wana njia zao: huchunguza karatasi, wino, umri wa vifaa na umbo la herufi, kisha hulinganisha sahihi inayoshukiwa na nyingine inayojulikana. Njia hizi ni nzuri, lakini peke yake hazitoshi. Mnamo 1983 gazeti la Stern la Ujerumani lilitangaza kwamba limepata shajara za Hitler. Wataalamu wa mwandiko walizilinganisha na maandishi mengine, wakaridhika. Baadaye ilibainika kwamba miongoni mwa maandishi yaliyotumiwa kuwa kipimo yalikuwamo ya mghushi yule yule, Konrad Kujau. Alilinganishwa na nafsi yake, akafaulu! Uchunguzi wa karatasi ndio uliomfichua, kwa kuwa ilikuwa na kemikali zilizoanza kutumiwa baada ya vita. Huko Marekani nako, katika miaka ya 1990, wapelelezi wa FBI waliwakamata waghushi waliouza hata mipira ya besiboli yenye sahihi ya Mama Teresa. Watu walinunua, na cheti cha uthibitisho kilikuwapo. Hakuna aliyeuliza mtawa wa Kalkuta alikutana wapi na mpira huo. Swali hilo moja la isnadi lingewaokoa.

Katika fasihi yetu swali hili tunalo tangu zamani. Tumtazame Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840. Mashairi yake tunayasoma leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akamfikishia mmishenari W. E. Taylor, ambaye aliyahifadhi pamoja na maelezo. William Hichens akayachapisha 1940, na Mohamed Hassan Abdulaziz akayarejelea kwa uchambuzi mpana mwaka 1979. Imani yetu kwamba beti hizi ni za Muyaka haitokani na sahihi yake chini ya karatasi. Inatokana na mnyororo tunaoweza kuutaja kwa majina, na pale penye shaka tunajua tumwulize nani, au angalau tunajua ni pete ipi ya kuichunguza. Kadhalika washairi wengi wa tenzi walikuwa wakijitaja katika beti za mwisho, wakataja na tarehe au idadi ya beti, ili mnakili wa baadaye asiongeze wala kupunguza. Hiyo ndiyo sahihi ya kwetu, iliyofumwa ndani ya kazi yenyewe.

Kinyume cha Muyaka ni vigango. Kwa jirani zetu Wagiriama, kaskazini mwa Mombasa, kigango ni mti uliochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu. Ni kumbukumbu ya mtu kwa maana kamili ya neno hilo. Katika karne iliyopita vigango vingi viling'olewa na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 1990 Makumbusho ya Denver, Marekani, yalipokea vigango 30 kutoka kwa mwigizaji Gene Hackman na mtayarishaji wa filamu Art Linson. Tafakari, ndugu msomaji. Kitu kilichochongwa ili jina la mzee wa Kilifi lisipotee kilifika makumbusho kikiwa na jina la mwigizaji wa Hollywood, na la mzee halipo. Makumbusho hayo yalipoamua kuvirudisha, havikuwa na nyumba ya kwendea. Umiliki ulikabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya mwaka 2014, na vyenyewe vikafika nchini 2019.

Linganisha na kisa kingine. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa na vigango viwili alivyowasimikia nduguze. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka mingi ikapita, kimoja kikaonekana katika Makumbusho ya Jimbo la Illinois na kingine katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vyote viwili vilirudishwa, na kile cha Illinois kilikabidhiwa familia mwaka 2007. Tofauti kati ya vigango hivi viwili na vile 30 ni picha moja, pamoja na jina na tarehe.

Najua kuna watakaonipinga. Wa kwanza watasema: maskini ana karatasi, tajiri ana fedha, wewe mwanachuo unaingilia nini? Hoja hii ina uzito, na simlaumu mwenye njaa. Hata hivyo, mtu ana haki ya kujua anachokiuza. Mwenye karatasi asomewe kwanza, ndipo aamue. Wa pili, hasa baadhi ya walimu wetu wa nadharia, watasema kazi ya fasihi hujitegemea, na mwandiko wa mtunzi ni upuzi wa wapenda masalia. Kwao nasema: kabla ya kuuchambua utenzi lazima tujue ni utenzi upi, wa nani, na nakala ipi. Mhakiki anayedharau nakala hujenga ghorofa juu ya mchanga.

Tufanye nini basi? Kwanza, kusoma hati za Kiarabu kuwe sehemu ya lazima ya shahada ya Kiswahili. Ni aibu mhitimu wetu kushindwa na karatasi ambayo mwalimu wa madrasa anaimudu. Pili, kila mwanachama wa chama hiki anayekwenda likizo, iwe Kinondo, Shimoni au kwingineko, aandike isnadi ya kila karatasi, kaseti au kitabu chenye sahihi anachoonyeshwa: nani anacho, alikipata kwa nani, lini, wapi. Apige picha mbele na nyuma, kisha kitu chenyewe akiache kwa mwenyewe. Tatu, tunapotiliwa sahihi na waandishi wetu, tuwaombe waongeze tarehe na mahali. Baada ya miaka 50 mjukuu wa mtu atashukuru. Nne, na hili nalisema kwa sababu nusura nianguke, tusithibitishe kamwe kwa kalamu yetu jambo ambalo hatujalisoma.

Waraka wa bibi ungali sandukuni, umefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Pamoja nao kuna karatasi mpya niliyoiandika nikiwa nimekaa chini barazani, yeye akinisomea kwa kinywa: waraka huu si wa Mbaruk wa Gazi, ni hati ya rahani, nilipewa na baba, naye alipewa na babake. Kwa kuwa bibi hakufundishwa kuandika, alitia dole gumba chini yake, na mwalimu wa madrasa akashuhudia. Katika ukusanyaji wangu wote hiyo ndiyo sahihi ya kwanza. Wazee wenye masanduku ya namna hiyo wanapungua kila mwaka, na likizo ndefu inakaribia.