Mbwa wa Kuwinda Nyumbani Mwako

Hapa Nangara twamwita mbwa wa kuwinda mshenzi, naye hulipwa mateke. Lakini mbwa wembamba wa kuwinda waliotoka Kongo walionyeshwa Uingereza, katika maonyesho ya Crufts, mwaka 1937, wakaitwa Basenji; watu wakastaajabu, maana hawabweki kama mbwa wengine.

Nami nalimdharau wangu. Nalimfunga mchana kutwa, akawa mkali hata kwa watoto. Kosa lilikuwa langu: mnyama huyu ameumbwa kwa mbio. Basi mtembezeni alfajiri, tena kwa kamba, maana akiona mbuzi anakimbia hasikii mwito. Mpeni maji safi; mtazameni kupe masikioni na kati ya vidole.

Zaidi ya yote, achanjwe kila mwaka. Kichaa cha mbwa kikishadhihirika kwa mtu, ni vigumu mno kupona. Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile, hata likiwa dogo.

Mungu aliyetukabidhi wanyama atatuuliza habari zao, na za watoto wetu pia.